Wiki 11 kabla ya kupambwa: kisa cha bibi harusi na panja zake

Alikuja Alhamisi baada ya alasiri, kaskazi ndiyo kwanza inaanza kuvuma, na hakuvua ushungi mpaka nilipofunga mlango na kushusha pazia. Nikajua kuna jambo. Binti huyu nimemsuka tangu ana miaka 6, hapa hapa Langoni, mtaa wa Lamu, akilia na kusinzia mapajani mwangu kila mkesha wa Idi. Hajawahi kunionea haya.

Alipouvua akainamisha kichwa mbele yangu bila kusema neno. Nywele za mbele zilikuwa zimerudi nyuma, paji la uso limepanda. Panja ya kulia ilibaki na nywele za kuhesabika. Ya kushoto ilikuwa ngozi tupu, upana wa vidole viwili, inang'aa kidogo taa ikiipiga. Ana miaka 27. Harusi ilikuwa imebakiza wiki 11.

Jina lake nimeliacha. Mwenyewe ameridhia nikieleze kisa hiki kwa sharti moja, nisiseme amepona wakati hajapona kote. Nami nimejiwekea langu: sitajificha. Katika yaliyomfika, mkono wangu umo.

Kwa asiyezijua harusi zetu: siku ya kupamba wanawake huwa peke yao. Mabuibui yamewekwa kando, bibi harusi ameketishwa mbele ya watu, na macho yanamshuka taratibu kuanzia nywele hadi hina ya nyayoni. Nywele zilizositirika miaka yote, siku yake ni hiyo. Mawifi watakuwepo. Shangazi za bwana harusi watakuwepo, na hao hawaji kutazama, wanakuja kukagua.

Nyumbani kwao maneno yalikuwa matatu na hayakupatana. Mamake alishika kwamba ni jicho, tangu ile picha ya mahafali iliyozunguka kwenye simu za watu. Alikuwa ameshamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, mara mbili. Somo wake, yaani kungwi wake, mwanamke mzee anayeheshimiwa mtaa mzima, hakutaka kusikia habari ya kupungua. Yeye alitaka mashungi ya nywele yaliyobanwa barabara na vikuba vya maua vimechomekwa humo, kama alivyopambwa yeye na kama alivyowapamba wengine. Binti mwenyewe alikuja na video kwenye simu: wigi refu lenye wavu mwembamba mbele, linabandikwa kwa gundi kwenye ukingo wa nywele mpaka mtu asijue linapoanzia.

Wote watatu walinitaka nichague mtindo. Mimi nilitaka kwanza nijue kichwa kinaumwa nini.

Kichwa kinavyosomwa

Kitu cha kwanza ni mahali. Nywele hazipotei ovyo. Kila sababu ina mtaa wake. Zikianza kupungua utosini na duara likawa linapanuka kwenda nje, hasa kwa mwanamke mwenye nywele za kipilipili, na ngozi ya hapo inawasha au inachoma, huo ni ugonjwa wa kovu unaokula kutoka katikati, na hapo msusi hana kazi, ampeleke mtu kwa daktari wiki hiyo hiyo. Njia ya katikati ikiwa pana mwaka hadi mwaka huku ukingo wa mbele umesimama palepale, mara nyingi ni ya kurithi. Kiraka cha mviringo, laini kama sarafu, kilichotokea ghafla, ni kingine kabisa. Mashilingi yenye magamba kwa watoto kila mtu anayajua.

Kwake yeye utosi ulikuwa salama. Kilichopotea ni ukingo: mbele, panja zote mbili, na kidogo nyuma ya masikio. Nikamsogeza dirishani, nikachukua kioo cha mkononi chenye upande wa kukuza, na hapo nikaona kile nilichokuwa nakiogopa. Mbele kabisa, pale nywele zilipokuwa zikianzia zamani, vilikuwa vimebaki vinywele vya malaika, safu nyembamba kama upindo wa leso. Nyuma ya safu hiyo patupu. Kisha ndipo nywele zenyewe zinaanza. Sababu ni nyepesi ukiisikia: vinywele vile ni vifupi na laini mno, mkono wa msusi haukuwahi kuvishika. Kilichoshikwa kimekufa, kisichoshikwa kipo. Madaktari wa ngozi huitafuta safu hiyo hiyo wanapotaka kujua kama nywele zimeng'olewa kwa kuvutwa.

Kwa hiyo ni kuvutwa. Lakini niliposhika fungu la nywele kisogoni, mahali ambapo hajawahi kulalamika, kama nywele 50 hivi, nikalivuta polepole kuanzia ngozini hadi nchani, zikatoka 9. Kwa kawaida hutoka mbili tatu. Zikipita 5 au 6, kichwa kinapukutika. Nikaziweka moja moja juu ya sahani nyeupe. Kila moja ilikuwa na kichwa kidogo cheupe upande wa shina, kama punje ya chumvi. Nywele iliyokatika haina kichwa hicho. Yenye kichwa imeachia yenyewe kwenye shimo lake baada ya kulala, wala haikuvunjwa na chanuo.

Hapo nikatulia. Kichwa kimoja kilikuwa na misiba miwili. Ukingo umeng'olewa kwa miaka, pole pole. Na kichwa kizima kinapukutika kwa sababu nyingine, ya karibuni. Kama ningeishia panjani tu, ningeulaumu mkono wa msusi kwa yote. Kama ningeisikiliza sahani peke yake, ningempa moyo kwamba zote zitarudi.

Nikamuuliza: miezi miwili mitatu iliyopita ulipata nini? Akafikiri. Mwezi wa Agosti aliugua homa siku tano, akalazwa na kutundikiwa maji. Basi. Nywele huota kwa zamu. Nyingi zinakua, chache zinapumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi kisha zinaanguka. Mwili ukipata mshtuko, homa kali, uzazi, damu kupungua, njaa ya kujikondesha, zilizokuwa zikikua huingia mapumzikoni kwa pamoja, na miezi miwili mitatu baadaye zinaanguka kwa pamoja. Ndiyo maana mtu haunganishi mambo hayo mawili. Mimi nayaunganisha kwa sababu yalinipata. Mwaka 2004 chikungunya ilipoingia Lamu, mji ukatembea umeinama, kama jina la ugonjwa lenyewe lisemavyo kwa Kimakonde, nami niliugua. Nilipopona nikashukuru. Miezi mitatu baadaye chanuo langu likajaa, na nikamdhania jirani yangu mmoja mambo ambayo leo nayaonea haya.

Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hedhi yake ni nzito, na kwamba tangu posa anajipunguza ili nguo imkae. Chai na tende asubuhi, usiku saladi. Nikaiandika hiyo pia.

Picha za simu

Sehemu iliyokuwa ngumu kwangu ilikuwa ya picha. Nilimwambia afungue simu, tuzitafute zile za nyumbani ambazo hana ushungi, tuzipange kwa miaka.

Kidato cha nne, shule ya bweni: matuta ya kwenda nyuma, yamebanwa hata nyusi zimepanda juu kidogo. Walisukwa Jumamosi na walitaka yafike wiki mbili. Chuo, Mombasa: nywele zimetiwa dawa, juu yake wivingi iliyoshonwa. Nywele zenye dawa zimeshapungua nguvu, na kuzivuta baada ya hapo ni kuongeza mzigo juu ya boriti iliyoliwa. Hakuna jozi mbaya kuliko hiyo. Kisha kazini, hapa kisiwani: fundo moja la kubana, kila siku, juu ya kichwa, ili ushungi ukae vizuri. Mara nyingi anazifunga zikiwa mbichi, kwa sababu anaoga asubuhi na boti haimsubiri. Nywele mbichi hunyumbuka, zinapokauka ndani ya fundo zinavuta zaidi.

Tulipima kwa vidole vyake mwenyewe, kutoka kwenye nyusi hadi nywele zinapoanza. Katikati ya paji, vinne. Panja ya kulia, vitano. Ya kushoto, sita na ushei. Akaniuliza kwa nini kushoto.

Nililijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Mimi huanzia kushoto. Miaka yote. Mteja anakaa chini, kichwa kinalala gotini, mkono wangu una nguvu mpya, na msuko wa kwanza ndio ninaoukaza nikijivunia. Nimekulia kwa bibi aliyekuwa akisuka ukili wa mikeka. Kwake ukili uliolegea ni aibu. Nikauchukua ukaidi ule ule nikauleta kwenye kichwa cha mtoto.

Kuna picha moja sitaisahau. Miaka miwili nyuma, harusi ya binamu yake, rasta ndogo ndogo nilizomsuka kwa saa saba. Ukiikuza, panjani kuna chunusi ndogo nyeupe, moja kwenye mzizi wa kila msuko, na ngozi imeinuka kama hema. Nakumbuka alinipigia simu usiku ule kwamba hawezi kulala, kichwa kinapwita. Nilimwambia anywe dawa ya maumivu, baada ya siku tatu zitalegea. Hivyo ndivyo tunavyowaambia wote. Chunusi zile zilikuwa ndiyo taarifa, na wakati ule panja ilikuwa bado inaokoleka: nywele iliyovutwa ikiachiliwa mapema huota tena. Ikivutwa miaka, shimo lake linageuka kovu, na kovu haliotishi kitu.

Na hata miezi sita kabla ya siku hii aliponigusia kwamba mbele panapungua, nilimpa mafuta ya nyonyo asugue. Siyadharau mafuta. Ya nyonyo, ya nazi, ya simsim, yote yanalainisha nywele zisikatike, na kwa maji ya visima vyetu yenye chumvi hilo si jambo dogo. Lakini yanahudumia nywele iliyopo. Nilimpa mafuta ili nisiulize swali.

Hospitali, chuma na paka

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kazi hii si yangu. Kipimo cha damu (hemoglobini) hapa Lamu kilionyesha 9.4, wakati mwanamke asiye mjamzito hutarajiwa kuwa na 12 kwenda juu. Akapewa vidonge vya madini ya chuma. Nesi alimwambia jambo ambalo watu wa pwani hatulipendi: asivimeze na chai, wala chai isifuate chakula moja kwa moja, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Ndimu au chungwa husaidia kiingie. Na vidonge viendelee miezi mitatu hata baada ya damu kupanda, ili akiba ijae. Chai ya maziwa na mahamri ilimtoa machozi kuliko sindano.

Kwa daktari wa ngozi tulikwenda Mombasa. Boti hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi, mpaka mtu anashuka hajui miguu ni yake. Daktari alithibitisha mambo mawili yale yale. Akamwandikia dawa ya kupaka kwa muda mfupi kutuliza ngozi ya ukingoni, na minoxidil ya matone. Dawa hii ilianza maisha kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaanza kuota nywele, ndipo ikageuzwa ya kichwani. Alimweleza kwamba wiki za mwanzo nywele huenda zikaanguka zaidi, asitishike. Kwamba matokeo huonekana baada ya miezi 3 hadi 6. Kwamba ukiiacha, kilichoota kwa nguvu yake kinaondoka. Halafu akanyamaza kidogo, akamuuliza harusi lini. Dawa hiyo haitumiki katika ujauzito wala kunyonyesha. Wakakubaliana: atumie, na siku hedhi itakapochelewa aiweke chini siku hiyo hiyo.

Jambo moja hakuliuliza kwa sababu hakai Lamu. Nililijua kwa bahati, nikalisema njiani tukirudi: minoxidil ni sumu kali kwa paka. Tone analolamba kwenye mto au kidoleni linaweza kumuua. Mji wetu una paka kuliko viatu, na wa nyumbani kwao wanalala kitandani kwake. Tangu siku hiyo dawa inapakwa mchana, mikono inaoshwa, paka wako nje, na chupa iko juu ya kabati.

Mamake aliniuliza kama aendelee na kombe. Nikamwambia aendelee. Kombe halivuti nywele.

Mtindo

Sasa hesabu. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Wiki 11 ni sentimita mbili na nusu, tena kama zingeanza kuota leo, na hazingeanza leo. Kwa hiyo kwa siku ya kupamba dawa haikuwa na la kusema. Bibi harusi angepambwa na nywele alizonazo, na kila tulilolichagua lilikuwa ama linamwongezea jeraha ama linamwacha apone. Hilo nililiweka mezani mapema, na mtu akiniuliza ni uamuzi gani uliookoa kisa hiki, nitasema ni kuacha kusubiri muujiza na kupanga kwa kilichopo.

Wigi sikulikataa kwa ubishi. Linalovaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku, juu ya misuko iliyolegea na kofia laini ya satini, halina ubaya mkubwa. Ubaya wa lile la video ni gundi: inakaa juu ya ngozi ile ile iliyojeruhiwa, na kuitoa ni kung'oa hata vile vinywele vya malaika. Nikaazima moja lisilo la gundi, nikamvisha, nikawasha jiko la udi, nikamwambia akae nalo tuzungumze. Vichanuo vyake vya ndani vinashika panjani hasa. Ndani ya dakika 20 alikuwa ameigusa panja ya kushoto mara nne, na jasho linamtiririka shingoni. "Dada, nitakuwa nalishika usiku kucha," akasema. Akalivua mwenyewe. Sikuongeza neno.

Mlima ulikuwa Bi Somo. Alikuja na bibi harusi, akaketi juu ya kitanda changu cha kamba, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimepamba mabibi harusi kabla wewe hujaota meno. Mashungi hayajaua mtu."

Sikuwa na jibu la maneno. Nikamwomba radhi, nikamuuliza kama ataniruhusu nimguse kichwa. Akavua ushungi. Nywele zake nyeupe nzuri, nzito bado kisogoni. Nikaupitisha mkono wake mwenyewe panjani, kushoto kisha kulia. Laini kama kigae.

"Hizi zimekwenda na uzee," akasema.

"Uzee haukai pembeni tu, Bi."

Akabaki ameuweka mkono pale. Kisha akamwita binti, "Ndoo," yaani njoo, akampapasa panja yake, akarudi ya kwake, akampapasa tena. Hatukusema kitu kwa muda. Aliyevunja kimya ni yeye, na alichokisema kilikuwa ufumbuzi wa mambo yote: "Basi asmini. Si za kuchomeka. Koja."

Nilikuwa nimefikiria taji, pambo, utepe, vitu vya dukani vyote, na nilishavikataa kwa sababu ya uzito na meno yao. Koja la asmini halikunijia kabisa, ilhali mti wake unachungulia ukutani kwangu. Asmini huchumwa jioni zikiwa bado vifumba, zinatungwa kwenye uzi, na zinafunguka usiku, saa zile zile bibi harusi anapoketishwa. Koja zima ukilipima mkononi ni kama kushika unyoya.

Yaliyobaki ni ufundi. Dawa ya kunyoosha iliyokuwa imepangwa mwezi wa harusi niliifuta. Kichwa kinachopukutika hakitiwi dawa. Piko nayo isiguse nywele wala ukingo wa uso: ile rangi nyeusi ina kemikali inayochoma wengine mpaka malengelenge. Hina yenyewe ya majani, mikononi na miguuni, sawa. Nikakata ncha vidole vinne. Mamake alitoka chumbani nilipokata, akasimama ukumbini. Lakini ncha ndefu zilizonyauka huonyesha uchache. Ukizitoa, kilichobaki kinajaa. Aliporudi aliuliza kama nimeongeza nywele.

Kwa wiki zote zile alikaa na misuko minene minane tu, imelegea, inaanzia nyuma ya ukingo, na panja haziguswi. Kazini fundo likashuka hadi shingoni, likafungwa kwa kitambaa, leo kushoto, kesho kulia, na nywele zikauke kwanza hata boti iondoke. Chini ya ushungi akavaa satini. Alinililia mara moja kwa mpira wa nywele uliomtoka usiku wa kufumua misuko, mkubwa kama kitonge cha wali. Tukakaa tukahesabu: mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zikiwa zimesukwa hazina pa kuangukia. Wiki tatu ni nywele 1,000 hadi 2,000 zinazosubiri mlangoni. Hesabu ile ilimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Wiki mbili kabla, tulifanya jaribio kamili usiku, na taa ya mpiga picha. Nawasihi wenzangu wasiache hili. Mwanga wa kamera unapenya nywele chache na kuonyesha ngozi ambayo kioo cha chumbani hakiionyeshi. Njia ya katikati ilionekana kama barabara ya uwanja wa ndege. Tukaifuta kabisa: nywele za upande wa kulia, zilikokuwa nzito, zikavushwa juu na kulazwa kushoto bila kuvutwa, mawimbi yake yametoka kwenye misokoto minene ya usiku, si kwenye moto. Pale zilipokuwa chache nikagonga poda ya nyusi ya rangi ya kahawa iliyokolea juu ya ngozi, kati ya nywele. Kwenye ile sehemu tupu inayong'aa nilijaribu pia, ikaonekana kama mtu kapaka rangi ukuta. Nikaiosha. Mahali pale paliachiwa koja.

Usiku wa kupamba koja lilipita juu ya paji, likashuka panja zote mbili, likafungwa kisogoni kwa utepe chini ya nywele. Halikuchomekwa hata kwa pini moja. Shangazi mmoja wa bwana harusi, yule niliyekuwa nikimwogopa, aliinama karibu kabisa na panja ya kushoto. Nikashika pumzi. Alikuwa ananusa.

Hadi leo ni miezi kumi. Kupukutika kuliisha kabla ya Ramadhani. Kisogo na utosi vimerudi, unaona nywele fupi zimesimama kama majani baada ya mvua. Panja ya kulia imeota, si zote, lakini inasukika, ingawa siisuki. Ya kushoto imepungua kutoka vidole viwili hadi kimoja na nusu, na daktari alisema kile kimoja na nusu ni kovu, asitumie pesa zake hapo. Mwezi wa nne wa ndoa hedhi ilichelewa, chupa ikawekwa chini siku hiyo hiyo kama walivyoagana. Nimeshamwambia kwamba miezi mitatu baada ya kujifungua zitaanguka tena kwa wingi, na asiwaze jicho.

Juzi alikuja na mtoto wa kakake, miaka 7, asukwe matuta ya Idi. Mama wa mtoto alikuja nao. Nikaanzia upande wa kulia safari hii, na ukingo nikauacha nje. Nilipomaliza nikamwambia mtoto anyanyue nyusi, kisha afumbe macho kwa nguvu, kisha acheke. Akafanya yote, akacheka zaidi ya nilivyomwambia.

Mamake akaupitisha mkono juu ya matuta. "Haya yamelegea, dada. Yatafika Idi Pili kweli?"

Nikamwambia huenda yasifike, na akileta malalamiko nitayarudia bure.